Bunduki niliyoinunua bila kuisoma namba yake

Marehemu babu yangu kule Handeni alikuwa na gobore. Lilikaa nyuma ya mlango wa chumba chake, limeviringishwa kwenye kaniki, na sisi wajukuu tulilijua kwa harufu tu: baruti na mafuta. Kuligusa ilikuwa mwiko. Alipofariki, baba na ami zangu walilipeleka kituo cha polisi, na habari za bunduki katika ukoo wetu zikaishia hapo. Kwa hiyo nilipokuja Minnesota nikiwa na miaka 34, kupiga zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kitu pekee nilichojua kuhusu silaha ni kuziogopa.

Aliyenitoa kwenye woga huo ni jirani yangu, fundi bomba mstaafu. Aliniambia nimwite kwa jina lake, mdomo ukakataa. Mtu rika la baba yangu nitamtajaje jina kavu? Nikamwita Mzee, nikamweleza maana yake, na siku hizi hata mkewe anamwita hivyo hivyo. Nilikuwa nikimsaidia kukwangua theluji mlangoni kwake, naye akawa ananialika kahawa. Ukutani kwake kulikuwa na picha ya baba yake ameshika bunduki msituni, mwaka 1953. Nikauliza kama bado ipo. Akainuka, akaenda kwenye kabati la chuma, akaitoa, akaifungua kwanza ili tuone wote wawili kwamba haina kitu ndani, ndipo akanipa.

Ilikuwa Winchester ya 1894, yaani muundo wa mwaka huo, ingawa yenyewe ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Muundo ni wa John Browning, na zimetengenezwa zaidi ya milioni saba. Ni ile ambayo chini yake ina mkono wa chuma: unausukuma mbele, ganda linaruka, unaurudisha, risasi mpya inaingia. Pale inapobebwa mkononi, katikati ambapo uzito unalingana, rangi ya bluu ya chuma ilikuwa imekwisha kabisa, chuma kimebaki cha kijivu, laini kama sarafu ya zamani. Miaka sabini ya kiganja cha baba na kiganja cha mwana. Nilipoishika mkono wangu ulikwenda wenyewe mahali pale. Ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanahangaika na bunduki kuukuu wakati madukani zimejaa mpya zinazolenga vizuri zaidi.

Mzee akasema Septemba tutakwenda kwenye kibanda chake upande wa Brainerd, kama saa mbili na nusu kwa gari kutoka Minneapolis, tukapige shabaha Jumamosi na Jumapili.

Kabla ya safari nilifanya jambo moja la maana, nalo nawaomba ndugu zangu mnaoishi huku mlifanye kabla ya yote: niliuliza habari za karatasi zangu. Mimi nina kibali cha ukaazi wa kudumu, hivyo sheria inaniruhusu. Lakini aliyeko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kumiliki hata kushika bunduki au risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Mtu anaweza kwenda shambani kwa rafiki, akashika bunduki, akapigwa picha kwa furaha, kumbe amejichimbia shimo kwenye faili lake la uhamiaji. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Ada yake ni ndogo kuliko tiketi ya kurudishwa.

La pili ni barabara. Siwezi kuandika habari hizi kama mtu mweusi wa Minnesota nikaliruka. Julai 2016, hapa hapa Falcon Heights, Philando Castile alisimamishwa na polisi akiwa ndani ya gari, akamwambia askari kwamba ana silaha, nayo alikuwa na kibali chake, akapigwa risasi akafa. Mke wangu alinikumbusha jina hilo usiku wa kuamkia safari, na hakuwa na haja ya kusema zaidi. Tangu siku hiyo utaratibu wangu haubadiliki: bunduki haina risasi, imo ndani ya mkoba wake uliofungwa kwa kufuli, iko nyuma kabisa ya gari, risasi ziko kwenye sanduku lingine, leseni na kadi ziko mfukoni mwa shati ambapo sihitaji kuinama kuzitafuta. Na mara nyingi nakwenda kwenye gari la Mzee, yeye akiendesha. Inauma kukiri hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Asubuhi ile ya kwanza kibandani kulikuwa na ukungu juu ya ziwa na harufu ya misonobari. Mzee hakunipa risasi mpaka zikapita kama saa mbili. Kwanza tulifanya kila kitu na bunduki tupu. Winchester za zamani hazina kitufe cha usalama; kilichopo ni nyundo ya nyuma ambayo unaivuta kwa kidole gumba, na ina kituo cha nusu njia. Ukitaka kuishusha baada ya kuivuta inabidi ubonyeze triga huku umeishikilia kwa gumba, polepole, mtutu ukiangalia ardhini mbele. Gumba likiteleza, risasi inatoka. Kwa mtu mwenye glovu, au jasho, au haraka, hapo ndipo ajali zinapotokea. Nilirudia zoezi hilo labda mara hamsini. Nilikuwa natamani tuanze kupiga, sasa nashukuru hakunisikiliza.

Akanionyesha pia kwa nini bunduki hii hailishwi risasi yenye ncha kali ya kawaida. Risasi zake zimejipanga kwenye bomba chini ya mtutu, kichwa cha moja kikigusa fataki ya iliyo mbele yake, yaani kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti. Ncha kali, ukijumlisha na mshtuko wa kurudi nyuma, inaweza kuigonga fataki hiyo na kuilipua humo humo ndani ya bomba. Ndiyo maana risasi za bunduki hii, ziitwazo thelathini-thelathini (.30-30), vichwa vyake ni bapa au mviringo. Siku hizi zipo zenye ncha ya plastiki laini zilizotengenezwa kwa bunduki za namna hii. Nyingine zote zenye ncha achana nazo.

Kisha tukapiga. Masikio tuliyaziba mara mbili, vya kuingiza ndani na vya kufunika juu, kwa sababu sauti ya bunduki moja inatosha kuharibu usikivu, na sikio likishakufa halifufuki. Mzee mwenyewe ni kiziwi nusu upande wa kushoto. Enzi zake hawakuziba. Risasi yangu ya kwanza ilipita juu ya sahani ya chuma, ya pili pia. Ya tatu ikalia: ting! Sauti hiyo ilinirudishia utoto wangu wa kulenga maembe kwa manati.

Mchana Mzee alileta sanduku la karatasi lililochakaa, risasi za baba yake, akataka tuzipige kwa kumbukumbu yake. Nne zilikwenda vizuri. Ya tano nikabonyeza triga, nyundo ikagonga, *ta*, na kukawa kimya. Alikuwa ameshaniambia asubuhi: ikikataa, usifungue, hesabu thelathini mtutu ukiwa mbele. Nilisahau. Mkono wangu ulikuwa tayari umeanza kusukuma ule mkono wa chuma. Mzee alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Kiganja chake kikashuka juu ya ngumi yangu kikaibana. Sikuwahi kuvuta pumzi ya pili, bunduki ikalipuka.

Kama ningekuwa nimeifungua, ganda lile lingepasuka likiwa halina kitu kinacholizuia, na uso wangu ulikuwa mkono mmoja kutoka hapo. Fataki na baruti zilikuwa zimekula unyevu wa miaka. Moto ulichelewa njiani. Tulikaa chini wote wawili. Mzee alikuwa amepauka. Akaniambia, "Kosa ni langu, sikupaswa kuzileta," akazichukua zilizobaki akazitenga, na mpaka leo hatujapiga tena risasi iliyozeeka. Bunduki inaweza kuwa ya zamani. Risasi iwe mpya, ya kiwandani, inayolingana neno kwa neno na maandishi yaliyopigwa kwenye mtutu.

Ungedhani baada ya hapo nilikuwa nimejifunza kwenda taratibu. Hapana. Ndiyo kwanza nilishikwa.

Nilichukua kozi ya usalama wa silaha, kwa sababu Minnesota kila aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 anahitaji cheti hicho ili apate leseni ya kuwinda. Nikafaulu. Na Februari, bila kumwambia Mzee, nikaenda peke yangu kwenye maonyesho ya bunduki. Nilitaka kumshangaza. Nilitaka siku nitakapofika kibandani niwe na yangu.

Kwenye meza ya mfanyabiashara mmoja nikaiona Springfield ya 1903. Asili yake ni silaha ya jeshi la Marekani, ila hii, kama nyingine nyingi zilizouzwa kwa raia, ilikuwa imegeuzwa kuwa ya kuwindia: kitako kipya cha mti wa jozi, mbao za mbele zimekatwa, imeng'arishwa. Muuzaji akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasema basi hii ni ndugu ya ile aliyokwenda nayo Roosevelt kwenu.

Hilo ni kweli, ingawa alikokwenda ni Kenya ya leo, si Tanzania. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kuacha urais wa Marekani, akiwa na Springfield iliyotengenezwa kwa ajili ya kuwinda. Akapanda reli hadi Kapiti, na huko alikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Nilikuwa nimesoma habari zake, na siku zote waliokuwa wakinijia akilini ni wale wapagazi, Waswahili na Wanyamwezi waliobeba mizigo na bunduki zile kichwani na begani bila ya kuwa zao. Wazo la kwamba mimi, mjukuu wa mwenye gobore, nitaimiliki ya aina hiyo, kwa jasho langu, kwa jina langu, lilinipanda kichwani. Muuzaji akanionyesha tarehe kwenye mtutu karibu na mdomo: 1931. "Chuma bado kizuri," akasema. Nikajaza fomu ya serikali, pamoja na namba yangu ya uhamiaji ambayo asiye raia lazima aiandike, wakanikagua kwenye mfumo, nikalipa dola 525. Njiani nikanunua darubini na vishikizo vyake dola 190, na maboksi matatu ya risasi dola 105.

Mke wangu hakuifurahia. Tuna watoto wawili. Alisema chuma hicho hakilali ndani mpaka kiwe na nyumba yake, na alikuwa na haki: sheria ya Minnesota inamshika anayeacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia, achilia mbali sheria ya Mungu. Kabati la chuma, dola 340. Ilibidi nipige zamu mbili za ziada. Wengi wanapopiga hesabu ya bunduki huisahau gharama hii, ilhali ndiyo ya kwanza.

Jumamosi nikampelekea Mzee. Aliipokea, akafungua komeo, kile chuma cha nyuma kinachoifungia risasi ndani, akaangalia ndani, akatabasamu. Akavaa miwani. Akaiinamisha chini ya taa ya jikoni akasoma namba iliyochongwa juu ya kile chuma cha katikati, kinachoshika mtutu na komeo. Tabasamu likaondoka. Akaisoma tena, tarakimu moja moja, kidole kikifuata. Ilikuwa na tarakimu sita, ya kwanza ni 7.

"Umeshaipiga?"

"Bado, Mzee."

"Alhamdulillahi," akasema. Neno hilo alilipata kwangu, na ndiyo siku ya kwanza kumsikia akilitumia.

Hili sasa ndilo ambalo kama ningeuliza mtu mmoja tu ningejua. Springfield za mwanzo, kabla ya namba 800,000 kwenye kiwanda cha Springfield, Massachusetts, na kabla ya 285,507 kwenye kiwanda cha Rock Island, Illinois, chuma chake cha katikati kilipashwa moto na mafundi waliokadiria joto kwa jicho, kwa rangi ya chuma. Rangi hiyo siku ya jua kali haionekani kama siku ya mawingu. Vipande vingine viliungua kupita kiasi vikatoka vigumu lakini vya kuvunjika, kama chungu. Mwaka 1917 baadhi ya bunduki zilipasuka, na mwanzoni mwa 1918 wakabadilisha namna ya kupasha. Si kila moja ya kabla ya hapo ni mbovu, na zipo zilizopiga maelfu ya risasi bila tatizo, lakini kwa kuitazama huwezi kujua ipi ni ipi. Na ile tarehe ya 1931? Mtutu ulikuwa umebadilishwa. Mtutu mpya kwenye chuma cha zamani. Namba yenyewe ilikuwa kwenye risiti yangu; niliitia saini chini yake.

Nilimpelekea fundi bunduki, nikitumaini atasema Mzee anatia chumvi. Fundi akaipima, akaipongeza kwa uzuri, akasema haipigi yeye wala hampi mtu aipige. Sikutaka kuiuza. Ningemuuzia nani? Kijana mwingine mwenye shauku kama yangu? Nilirudi nyumbani na dola 820 zimelala kwenye kitu kisichotumika, na usiku ule sikula. Aibu ilinizidi kuliko hasara. Nilikuwa nimetaka kumwonyesha Mzee kwamba nimekua, nikamwonyesha kinyume chake. Yeye hakusema neno. Alichukua wiki mbili, kisha akabisha hodi: "Twende tukatafute yako, safari hii tutafute wote."

Tulitafuta miezi minne. Tukapata Savage 99 ya miaka ya 1940, yenye risasi za .300 Savage, dola 600. Bei ilikuwa chini kwa sababu mwenye nayo wa zamani aliitoboa matundu ya kufungia darubini, na wakusanyaji hawataki tundu ambalo kiwanda hakikuliweka. Anayetaka kupiga, asiyetaka kuweka kwenye kabati la kioo, matundu hayo ni rafiki yake. Kabla ya kulipa tulimwomba muuzaji tuipeleke kwa fundi, akakubali, asiyekubali, ondoka. Dola 60. Fundi aliangalia ndani ya mtutu kwa taa, akatumia vipimo vyake vya chuma kuhakikisha kwamba risasi ikiingia chemba haina nafasi ya kucheza, akaangalia nyufa kwenye mti nyuma ya chuma, mahali ambapo Savage hupenda kupasuka. Safi.

Naipenda bunduki hii. Haina nyundo ya nje. Ndani, risasi hazipangwi kwenye bomba bali kwenye pipa dogo linalozunguka, ndiyo maana yenyewe inakubali vichwa vyenye ncha. Ubavuni kushoto kuna kidirisha kidogo kuliko ukucha, na ndani yake kipande cha shaba chenye tarakimu. Ukiongeza risasi, tarakimu inapanda, ukipiga, inashuka. Mtoto wangu wa kiume, niliyeanza kumfundisha kwa bunduki tupu, huiweka jicho pale kama anachungulia saa. Mikwaruzo ya kitako niliiacha. Mzee alinionya nisipige msasa wala kupaka rangi mpya. Mafuta kidogo ya linsidi kwenye mti, basi.

Novemba tulikwenda kuwinda, tumevaa mavazi ya rangi ya chungwa ya kung'aa kama sheria inavyotaka. Asubuhi ilikuwa nyuzi kumi chini ya sifuri. Wiki moja kabla, Mzee alinifanya nifute karibu mafuta yote ndani ya bunduki, kwa sababu kwenye baridi kali mafuta mengi huganda kama samli na komeo linakuwa zito. Na tuliporudi kibandani kwenye joto aliniambia niache bunduki kibarazani ndani ya mkoba wake. Mwaka uliotangulia mgeni mmoja aliingia na yake hadi karibu na jiko. Ndani ya dakika tano ililowa umande nje na ndani, asubuhi ikawa na kutu mwekundu.

Saa mbili na robo asubuhi kulungu jike alitoka kwenye misonobari, hatua kama themanini. Nyuma yake kulikuwa na kilima cha udongo, hakuna njia, hakuna nyumba. Nilisema Bismillahi Allahu Akbar, nikabonyeza. Alikwenda hatua chache akaanguka. Nilipofika alikuwa ameshakufa. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikamwekea kiganja ubavuni, bado ana joto. Mzee alivua kofia yake akasimama pembeni mpaka nikamaliza dua. Kumchuna na kumpasua kulichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, na mgongo uliniuma siku tatu. Mke wangu akapika pilau, nusu tukaipeleka kwa jirani.

Springfield iko ukutani sebuleni, komeo lake nimelitoa nimelifungia kabatini. Karibu na kitako nimebandika kikaratasi chenye namba yake na maneno "Haipigwi", Kiswahili na Kiingereza, ili nikiondoka mimi asitokee mwingine wa kuijaribu.

Septemba hii tunakwenda tena. Mzee ametimiza miaka 79 na bega lake halitaki mshtuko, hivyo Winchester ya baba yake napiga mimi. Yeye anakaa kwenye kiti cha kukunja nyuma yangu, masikio yameziba, macho kwenye ile sahani ya chuma. Nikikosa anainua kidole kunionyesha risasi imepita upande gani.